Tibamtandao

Tibamtandao (nomino, ngeli ya I-/ZI-) ni neno ambatani: tiba + mtandao. Hutaja huduma ambayo mgonjwa na daktari bingwa huweza kuonana kwa video wakiwa mahali tofauti.

Kwa mfano: «Kwa tibamtandao, mtoto aliyelazwa Handeni au Korogwe aweza kuonwa na bingwa wa watoto aliyeko Hospitali ya Bombo, Tanga, au Muhimbili, Dar es Salaam, bila mzazi kugharimia safari.»

Bingwa haoni ila kinachoonyeshwa na kamera. Kupapasa tumbo, kupima homa na kuchoma sindano hubaki kwa tabibu na muuguzi walio kando ya mtoto. Pasipo mikono hiyo, mtandao hupeleka ushauri. Tiba hukamilika kitandani.