Jioni Ziwani: Kumbukumbu za Kambi za New England

Kambi ya majira ya joto, yaani makazi ya muda ya mahema au vibanda vya mbao ambako watoto wa Marekani hukaa kwa wiki kadhaa shule zinapofungwa, ni desturi ambayo kwa kawaida huhesabiwa tangu mwaka 1861, wakati mwalimu Frederick Gunn wa Connecticut alipowaongoza wanafunzi wake kwenda kupiga kambi ufukweni. Miaka 20 baadaye, Ernest Balch, kijana aliyesoma katika Chuo cha Dartmouth, alianzisha kambi ya Chocorua katika kisiwa kimoja cha ziwa Squam, New Hampshire, akikusudia kuwatoa wavulana wa familia tajiri kwenye uvivu wa hoteli na kuwazoesha kupika, kufua na kuendesha vyombo vya majini. Kwa kuwa kambi ilikuwa kisiwani, chombo hakikuwa mchezo tu, bali ndicho kilichokuwa njia. Chocorua haikudumu hata miaka 10, lakini mfano wake ulienea katika maziwa ya New Hampshire, Maine na Vermont, na pamoja nao ikaenea safari ya jioni majini, ambayo watu wazima waliopitia kambi hizo huikumbuka kwa mapenzi makubwa.

Chombo chenyewe ni mtumbwi mwembamba wenye urefu wa takriban mita 5, ambao umbo lake lilibuniwa na wenyeji wa asili wa eneo hilo, wakiwamo Wapenobscot, waliotumia magome ya mti wa betula yaliyotegemezwa kwa mbavu za mwerezi, kabla ya mafundi wa Maine, mwishoni mwa karne ya 19, kuanza kutumia turubai badala ya magome. Ni haki kusema wazi kwamba kambi nyingi zilichukua mitumbwi na hata majina ya wenyeji hao bila kuwapa heshima waliyostahili. Anayekaa omo, yaani mbele, huweka mwendo, na anayekaa tezi, yaani nyuma, huongoza. Naye asipolipinda kafi kidogo kila mwisho wa pigo, omo hugeukia upande wa pili na mtumbwi kwenda mshazari. Mtoto aliyefunzwa vyema huweza hata kulirudisha kafi mbele bila kulitoa majini, ili lisidondoshe tone.

Ustadi huo una thamani hasa jioni. Mchana jua hupasha nchi joto, hewa hupanda na kuchanganyika, na upepo hulichafua ziwa. Jua linapoinama mchanganyiko huo hupungua na maji huwa shwari. Hewa iliyo karibu na maji nayo hupoa kuliko iliyo juu yake, na kwa sababu sauti husafiri haraka zaidi katika hewa ya joto, mawimbi yake hupindika kurudi chini badala ya kupotelea angani, kiasi kwamba mazungumzo ya ng'ambo husikika kana kwamba wasemaji wamo mtumbwini. Ndipo husikika mlio mrefu wa Gavia immer, ndege mzamiaji mwenye macho mekundu, anayewaita wenzake walio mbali. Tofauti na Afrika Mashariki, ambako giza huingia upesi, huko jua la Julai huzama kwa mshazari na utusitusi hudumu zaidi ya nusu saa, muda unaotosha mitumbwi kukusanyika katikati ya ziwa, watoto wakashikana kingo za vyombo vyao na kuimba pamoja.

Kwa nini jioni hizo hukumbukwa sana? Wanasaikolojia wameonyesha kwamba watu waliovuka umri wa miaka 40 hukumbuka kwa wingi usio wa kawaida mambo yaliyowapata walipokuwa na umri wa kati ya miaka 10 na 30, na sababu mojawapo inayotajwa ni kwamba mengi ya wakati huo hutendeka kwa mara ya kwanza. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi, kwani mambo mengi ya mara ya kwanza husahaulika. Jioni ya ziwani ilikuwa na jambo la ziada: mtoto wa miaka 13, aliye mbali na wazazi wake, alikabidhiwa tezi huku mwenzake mdogo akiwa mbele yake, na usalama wa wote wawili ukategemea mikono yake.