Kwapa likiwasha, soma kwanza nyuma ya chupa

UMESIMAMA ndani ya basi la asubuhi, mkono mmoja umeshika chuma cha juu, na mwasho unaanza. Kujikuna mbele za watu huwezi. Kushusha mkono pia huwezi, maana dereva anakata kona kama mtu anayekimbizwa. Ukifika kazini unajifungia msalani na kutazama kwenye kioo. Kwapa limefanya vipele vidogo vidogo, ngozi imekauka na kuwa nyeusi kuliko juzi, na pale uliponyoa Jumapili panachoma ukipagusa tu.

Wengi wakifika hapo hufanya moja kati ya mambo mawili. Kuna anayeacha kupaka chochote, kisha akaishi kwa hofu ya kunuka kikwapa, asiinue mkono mkutanoni wala kukaribiana na mtu. Na kuna anayerudi dukani kununua diodoranti ya bei ghali zaidi, yenye picha ya maua, akidhani ile ya kwanza ilikuwa bandia. Huyu wa pili aghalabu hujikuta pale pale, kwa sababu kilichomdhuru kimo pia katika ile mpya, pengine kwa wingi zaidi. Kitu hicho ni manukato.

Ili kuelewa ni kwa nini, ni vyema kujua kwanza dawa hizi zinafanya kazi gani. Jasho lenyewe halinuki. Kwapani mna tezi za aina mbili. Za kwanza ni zile zilizoenea mwili mzima, zinazotoa maji ya chumvi ya kupoza mwili. Za pili huanza kazi mtu anapobalehe, na hutoa majimaji mazito yenye mafuta na protini. Bakteria wanaoishi juu ya ngozi huyala majimaji hayo, na mabaki ya karamu yao ndiyo harufu tunayoiita kikwapa. Ndiyo maana mtoto wa miaka sita anaweza kucheza mpira kutwa nzima asinuke kama kaka yake wa miaka kumi na sita.

Basi kuna njia mbili za kukabiliana na hali hiyo. Diodoranti hupunguza bakteria au kuifunika harufu. Kizuia jasho hutumia chumvi za madini ya alumini kuziba kwa muda matundu ya jasho. Chupa nyingi madukani huchanganya yote mawili, na mnunuzi hatambui. Kama shida yako ni harufu tu na wala si shati kulowa, huna haja ya alumini, na hapo umeshajipunguzia kitu kimoja kinachoweza kukuchoma.

Hata hivyo, kwa watu wenye mzio wa ngozi, mshukiwa wa kwanza si alumini. Ni manukato. Umoja wa Ulaya ulianza kuwalazimisha watengenezaji mwaka 2005 kutaja kwa majina viungo 26 vya manukato vinavyojulikana kusababisha mzio, na mwaka 2023 ukaamua orodha hiyo ipanuliwe hadi zaidi ya 80. Kwa hiyo geuza chupa usome nyuma. Ukiona neno “Parfum” au “Fragrance”, jua kwamba neno hilo moja linaweza kuficha makumi ya viungo. Majina kama linalool, limonene, geraniol, citral na eugenol ni ya jamii hiyo hiyo.

Hapa ndipo wengi wanaponaswa na neno “asilia”. Eugenol ndiyo inayoipa karafuu harufu yake. Citral imo kwenye mchaichai. Ngozi haijali kama kiungo kimetoka kiwandani au shambani Pemba, ikishakikataa, imekikataa. Nimeona chupa zenye jani la kijani mbele na orodha ya mafuta sita ya mimea nyuma, na kwa ngozi nyepesi kudhurika hizo ni mbaya kuliko roloni ya bei nafuu isiyo na mbwembwe.

Mtego mwingine ni wa maneno mawili yanayofanana. “Unscented” maana yake ni kwamba bidhaa hainukii, lakini huenda ilitiwa manukato kidogo ya kufunika harufu ya viungo vingine. Unachotafuta ni “fragrance-free”, yaani haikutiwa manukato kabisa. Hata hapo, soma orodha.

Baada ya manukato kuna alkoholi, ambayo hujaa katika zile za kupuliza na katika roloni nyingi. Alkoholi haileti mzio mara nyingi, bali huchoma na kukausha, hasa juu ya ngozi iliyotoka kunyolewa. Kuna pia propylene glycol, ambayo wengi huivumilia lakini wengine huwatoa ukurutu. Na kuna unga wa bikaboneti, ule unaoumulia keki, ambao siku hizi hutiwa kwenye diodoranti nyingi zinazojiita za asili. Ngozi ya binadamu ina uasidi kidogo, ilhali bikaboneti iko upande wa pili, upande wa sabuni. Ukiipaka kila siku mahali palipofunikwa na penye joto, baada ya wiki kadhaa kwapa la mwenye ngozi nyepesi huanza kubabuka. Watu wengi huambiwa eti hiyo ni “sumu inatoka mwilini”, waendelee tu. Hakuna sumu inayotoka. Ni ngozi inayoungua, nawe uache.

Tukizungumzia kunyoa: wembe huondoa tabaka jembamba la juu ya ngozi na kuacha mikwaruzo usiyoiona. Kupaka dawa dakika tano baadaye ni sawa na kupaka ndimu kwenye kidonda. Nyoa usiku, kwa wembe mkali na povu la sabuni isiyo kali, kisha usipake kitu hadi kesho yake. Kizuia jasho chenyewe hufanya kazi vizuri zaidi kikipakwa usiku, juu ya ngozi kavu, wakati tezi zimetulia.

Wala ushauri huu si mgeni. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, huko Cincinnati nchini Marekani, binti mmoja aitwaye Edna Murphey aliuza dawa iliyoitwa Odorono, ambayo baba yake, daktari wa upasuaji, aliitengeneza ili mikono yake isitoe jasho akifanya kazi. Ilikuwa na asidi kali kiasi cha kuwasha makwapa na kula vitambaa vya nguo. Wateja waliambiwa wasinyoe kabla ya kuitumia, na waipake kabla ya kulala. Dawa zimelainika tangu wakati huo, lakini kwapa ni lile lile.

Kina mama wa Pwani watauliza, na shabu je? Jiwe hilo jeupe limetumika vizazi na vizazi, na ni kweli hupunguza bakteria. Ni rahisi, halina manukato, na baadhi ya wenye ngozi nyepesi hulivumilia. Lakini anayeikimbia alumini asijidanganye: shabu yenyewe ni chumvi ya alumini. Lilowanishe, lipitishe taratibu, usilisugue, na usilitumie palipokwaruzwa. Ndimu, kwa upande wake, iache jikoni. Asidi yake huchoma, na maji yake yakipigwa na jua juu ya ngozi huweza kuacha malengelenge na alama nyeusi.

Kabla hujaitupa chupa, hakikisha kwanza kwamba ndiyo yenye makosa. Tazama vipele viko wapi. Vikiwa katikati kabisa ya kwapa, pale pa ndani unapopaka, basi dawa inashukiwa. Lakini katikati kukiwa safi na vipele vikajipanga pembeni, pale nguo inaposuguana na ngozi, mlaumu mshono wa blauzi au rangi ya kitambaa. Angalia pia muda. Kinachochoma papo hapo ni ukali wa dawa. Kinachoanza kuwasha siku moja au mbili baadaye, kikazidi kila unapopaka, huenda ni mzio, na mzio ukishaingia hauondoki. Utalazimika kukiepuka kiungo hicho maisha yako yote, hata kwenye losheni na marashi.

Unaponunua mpya, usiianzie kwapani. Paka kidogo, eneo la ukubwa wa sarafu, upande wa ndani wa kiwiko, asubuhi na jioni kwa muda wa wiki moja, bila kupasugua. Ngozi ikitulia, anza na kwapa moja tu kwa siku chache. Naam, utakuwa na kwapa moja lenye dawa na moja lisilo nayo, na mwenye pua kali atashangaa. Ni afadhali hivyo.

Katika ngozi nyeusi jambo hili lina uzito wa pekee. Wekundu ambao vitabu vya Ulaya huutaja hauonekani vizuri kwetu. Huja kama weusi au rangi ya zambarau, hivyo mtu hachukui hatua mapema. Mwasho ukishapoa, huacha doa jeusi linaloweza kukaa miezi mingi. Doa hilo ndilo linalowafanya wasichana wakimbilie krimu za kung'arisha, nyingine zikiwa na haidrokwinoni au zebaki, vitu ambavyo vimepigwa marufuku katika vipodozi nchini Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda lakini bado hupenya kwenye vibanda. Ukianza na upele, ukamaliza na zebaki kwapani, utakuwa umetoka kwenye shimo ukaingia kisimani. Ukiondoa kinachowasha, doa hufifia lenyewe polepole.

Kuhusu saratani ya matiti, barua pepe za kutisha zilizosambaa miaka ya 2000 bado zina watoto na wajukuu kwenye simu zetu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002, uliolinganisha wanawake 813 waliougua na 793 ambao hawakuugua, haukupata uhusiano wowote na vizuia jasho. Anayepaswa kumuuliza daktari kabla ya kutumia alumini ni mgonjwa wa figo.

Na si kila tatizo la kwapa ni la diodoranti. Mabaka ya kahawia yenye magamba yanaweza kuwa bakteria au fangasi, na hutibika. Majipu yanayorudi mahali pale pale na kuacha makovu ni ugonjwa unaohitaji daktari wa ngozi, wala hautokani na uchafu. Ngozi iliyonenepa na kuwa nyeusi kama mahameli, kwapani na shingoni, huweza kuashiria kisukari kinachonyemelea, na hapo kipimo cha sukari kina faida kuliko chupa yoyote.

Ukiona usaha, au mwasho haujapungua wiki mbili baada ya kuacha kila kitu na kuosha kwa maji na sabuni isiyo na manukato pekee, nenda hospitalini. Beba na chupa yenyewe, hata kama imekwisha, maana daktari atataka kusoma yaliyoandikwa nyuma.