Kila Mtu Ana Sifa Yake Njema

Watu wengi wakiulizwa kasoro zao, huzitaja upesi. Mmoja husema, "Kichwa changu kizito." Mwingine husema, "Mimi hesabu siziwezi." Lakini wakiulizwa sifa zao njema, hunyamaza. Wazazi nao mara nyingi huhesabu makosa ya watoto. Huyu ni mtundu. Yule ni mvivu. Yule mwingine ana maneno mengi.

Kujua kasoro ni vizuri. Mkulima lazima ajue magugu yako wapi. Lakini hakuna mkulima anayevuna kwa kupalilia tu. Lazima apande mbegu. Sifa njema za mtu ndizo mbegu zake.

SIFA NJEMA NI ZIPI?

Mwaka 2004 wataalamu wawili wa Marekani, Christopher Peterson na Martin Seligman, walitoa kitabu kikubwa juu ya jambo hili. Walitazama mafundisho ya watu wa nchi na dini nyingi. Wakaandika orodha ya sifa njema 24.

Baadhi ya sifa hizo ni ujasiri, uaminifu, uvumilivu, wema, haki, shukrani, msamaha, unyenyekevu na ucheshi. Nyingine ni kupenda kujifunza, kupenda kuuliza, kujitawala na kufanya kazi vizuri na wenzako.

Hakuna mtu mwenye sifa zote kwa kiasi kimoja. Lakini kila mtu anazo chache zinazomtoka bila shida. Hizo ndizo zake hasa.

KATIKA KUJIFUNZA

Mtu mzima anayeanza kusoma hafiki darasani mikono mitupu. Aliyezoea kupanda na kungoja mavuno ana uvumilivu. Avumilie herufi kama anavyovumilia shamba.

Tuseme mama mmoja hupata shida kuandika tarakimu. Lakini sokoni huhesabu chenji kwa kichwa wala hakosei. Basi aanze na bei ya nyanya zake. Aandike kila siku ameuza mafungu mangapi na amepata shilingi ngapi. Anayependa hadithi naye asome habari moja, kisha awasimulie watoto. Anayependa kuuliza asome maandishi yaliyo kwenye mfuko wa mbolea au chupa ya dawa.

Nchini Tanzania tulipata somo hili mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasomewa kitabu na kujadiliana. Kisha walitoka kwenda kuchimba vyoo, kufyeka majani na kufukia madimbwi ya mbu. Katika kazi kama hizo, anayesoma husoma, anayejua kueleza hueleza, na mwenye bidii huwatangulia wenzake kwa jembe. Hakuna anayekosa nafasi.

KATIKA KULEA WATOTO

Mwaka 1998 wataalamu wengine wawili wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walieleza majaribio waliyofanya kwa watoto wa darasa la tano. Watoto walipewa mafumbo ya picha. Baadaye wote waliambiwa kuwa wamefanya vizuri. Lakini wengine walisifiwa kwa akili, na wengine walisifiwa kwa juhudi.

Kisha watoto wote walipewa mafumbo magumu, wakashindwa. Walipopewa tena mafumbo rahisi, tofauti ilionekana. Waliosifiwa kwa akili walifanya vibaya kuliko mwanzo. Waliosifiwa kwa juhudi walifanya vizuri zaidi.

Kwa nini? Mtoto anayeambiwa "una akili" hudhani akishindwa basi akili hana. Huogopa jambo gumu. Lakini anayeambiwa "umejitahidi" anajua la kufanya akishindwa. Hujitahidi tena.

Basi, ndugu mzazi, msifu mtoto kwa jambo alilolifanya. Usiseme tu, "Wewe mtoto mzuri." Sema, "Umefagia mpaka nyuma ya banda la kuku, na hakuna aliyekuagiza." Mtoto atajua amefanya nini, naye atataka kufanya tena.

Chunguza pia utundu wake. Mtoto anayeuliza maswali mpaka akuchoshe huenda ni mwenye kupenda kujua. Mpe daftari, ahesabu mayai na vifaranga kila wiki. Mtoto mbishi huenda anapenda haki. Mpe kazi ya kuwagawia wadogo zake matunda sawasawa. Sifa ikikosa kazi, hugeuka kero.

KATIKA KAZI

Vikundi vingi vya kuweka na kukopa huweka fedha katika sanduku lenye kufuli 3. Kila ufunguo hushikwa na mtu wake. Je, tunawachagua watu hao kwa sababu gani? Mara nyingine tunamchagua mwenye sauti kubwa au mwenye nyumba ya bati. Kisha fedha zikipotea, tunalia.

Afadhali tujiulize: nani mwaminifu? Nani makini katika hesabu? Nani anajua kumkumbusha mwenye deni bila kugombana naye? Kila mmoja apewe kazi inayomfaa. Hata hivyo, mwaminifu naye akaguliwe. Ukaguzi humlinda yeye pamoja na kikundi.

TUSIJIDANGANYE

Sifa njema haziondoi kila shida. Uvumilivu hauleti mvua. Mke anayepigwa asiambiwe avumilie, asaidiwe. Mtu mwenye huzuni isiyokwisha aende zahanati. Na kasoro inayoleta hasara irekebishwe. Mkulima asiyejua kusoma mizani ajifunze, hata kama ni hodari wa kulima.

ZOEZI LA WIKI MOJA

Mwaka 2005 Seligman na wenzake walieleza mazoezi waliyoyajaribu kwa watu wazima. Mawili kati ya hayo yaliwaongezea watu furaha na kuwapunguzia huzuni. Faida hiyo ilionekana hata baada ya miezi 6. Mazoezi yenyewe ni haya:

1. Chagua sifa yako moja. Itumie kwa njia mpya kila siku, kwa siku 7.

2. Kila usiku andika mambo 3 mazuri yaliyotokea siku hiyo. Andika pia kwa nini yametokea.

Kwa msomaji mpya, zoezi la pili lina faida mbili. Linafurahisha moyo, na linazoeza mkono kuandika.

JADILIANENI

1. Kila mmoja ataje sifa njema moja ya jirani yake aliyeketi kulia. Atoe mfano wa jambo alilomwona akilifanya.

2. Ni mtoto gani nyumbani kwako anayekaripiwa zaidi? Utundu wake unaonyesha sifa gani? Utampa kazi gani?

3. Katika kikundi chenu, nani ana sifa ambayo bado haijapewa kazi?