Penye Uwanja Usio na Mnara, Neno la Kweli Ni Ulinzi

Askari huishi kwa amri: ikitolewa, hutekelezwa. Lakini iko kazi moja ya usalama ambayo msemaji wake haamuru, na msikilizaji ndiye mwenye uamuzi. Nayo ni kazi ya kuwapa marubani habari katika viwanja visivyo na mnara wa kuongozea ndege.

Sisi tulio Gasenyi, kaskazini mwa Bujumbura, tumezoea ndege za uwanja wa Melchior Ndadaye. Huko mnara upo, na mwongozaji ndiye atoaye ruhusa ya kutua. Katika viwanja vidogo, kama vile vya Gitega na Kirundo, mnara hakuna.

Sheria za kimataifa, zilizotokana na Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, zinatenga huduma ya kuongoza ndege na ile ya kutoa habari. Mtoa habari humweleza rubani kwa redio upepo unavuma kutoka wapi na kwa nguvu gani, hali ya njia ya kurukia, na ndege nyingine zinazojulikana kuwa karibu. Hamwambii, "Tua." Uamuzi ni wa rubani. Pasipo mtu kabisa, marubani hutangaziana wao kwa wao mahali walipo, kimo chao na wanalokusudia.

Iko pia huduma ya tatu: kuwaarifu waokoaji mara ndege ipatapo shida. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air yenye watu 43 ilianguka katika Ziwa Victoria ilipokaribia kutua Bukoba, Tanzania. Watu 19 walikufa, 24 wakaokoka. Wavuvi walikuwa miongoni mwa waliofika kwanza. Hapo twaona kwamba habari ya ajali haina budi kuwafikia upesi walio karibu, na iwakute wakiwa tayari.

Basi, ndugu askari na polisi, mlindapo uwanja wa namna hiyo, ninyi ni macho ya rubani. Ng'ombe akiingia njiani, au mvua ikichimba shimo, mpasheni habari mwenye redio bila kukawia. Wala msikisie: semeni mlichokiona, na msichokiona msikiseme. Aliye angani hana njia ya kuuliza mara ya pili akiwa amekwisha gusa ardhi.