Fahamu: Mafuta yataisha lini, na umeme utatoka wapi?

Mwaka 1956 mwanajiolojia wa Marekani, M. King Hubbert, alitabiri kwamba uzalishaji wa mafuta nchini mwake ungefika kileleni kati ya 1965 na 1970, kisha uporomoke. Uliporomoka kweli baada ya 1970. Lakini mbinu ya kupasua miamba kwa maji yenye shinikizo kubwa ikageuza hesabu, na mwaka 2018 rekodi ya 1970 ikavunjwa. Bei ikipanda, mafuta yaliyoonekana hayafai kuchimbwa hugeuka kuwa mali.

Kwa Kenya, ambayo tangu 2013 haisafishi tena mafuta ghafi Mombasa, hofu si visima vya dunia kukauka bali gharama ya kuagiza. Kwenye umeme imejinasua kwa kiasi kikubwa. Huko Olkaria, karibu na Naivasha, mtambo wa kwanza wa jotoardhi uliwashwa mwaka 1981 ukiwa na megawati 15. Visima hushuka kilomita mbili au tatu, mvuke hupanda kwa kasi na kuzungusha mitambo. Leo jotoardhi hutoa takriban asilimia 40 ya umeme wa nchi, na haliyumbishwi na ukame kama mabwawa, wala na giza kama sola. Kuchimba ni ghali, tena kisima kinaweza kutoka kitupu.

Kigumu zaidi ni usafiri. Malori ya Mombasa hadi Kampala bado yanakunywa dizeli, na mvuke wa Olkaria haujazi matangi yao.