Iten Wakati Wageni Wameondoka

Huku kwetu Pioneer, mjini Eldoret, siku ya mapumziko wengi wetu huimalizia sokoni au kwa jirani. Mimi, Jumanne moja ya mwezi wa Aprili, niliamua kupanda kwenda Iten, ambako hewa ni nyepesi na miguu ya watu ni myepesi zaidi.

Nisikufiche, ndugu msomaji. Sikwenda kutembea tu. Shemeji yangu alikuwa amenipigia simu kutoka shambani. Mvua imeanza, alisema, watu wanapanda mahindi, na mwanawe yuko Iten mwaka wa tatu sasa akikimbia bila kushika kitu.

"Wewe ni mjomba wake," aliniambia. "Wewe atakusikia. Mrudishe nyumbani."

Basi nikaingia katika matatu saa mbili asubuhi. Kutoka Eldoret hadi Iten ni kilomita 35 hivi. Eldoret yenyewe iko juu, mita 2,100 hivi kutoka usawa wa bahari, lakini Iten iko mita 2,400. Njiani matrekta yalikuwa yakinguruma mashambani, na akina mama walikuwa wameinama na mbegu mikononi. Kila nilipowatazama nilimkumbuka shemeji yangu.

Mgeni hulakiwa na tao lililojengwa juu ya barabara, lenye maandishi ya kumkaribisha katika mji wa mabingwa. Siku nyingine chini ya tao hilo hukosi kuona wazungu wakipigwa picha. Siku hiyo palikuwa na mbuzi wawili waliojikinga na manyunyu.

MSIMU USIO WA THELUJI

Huko Ulaya kuna miji ya milimani inayoishi kwa theluji. Watu huja kuteleza juu yake, hoteli zikajaa, bei zikapanda. Theluji inapoyeyuka wageni huondoka, na wenyeji hupata nafasi ya kuketi na kuulizana habari. Iten haina theluji, lakini nayo ina msimu wake.

Baridi inapobana Ulaya, wakimbiaji wa huko huja hapa kutafuta jua na hewa ya juu. Mo Farah wa Uingereza alifanya mazoezi hapa. Lornah Kiplagat, bingwa aliyezaliwa Kenya na kuikimbilia Uholanzi, alijenga kambi ya mazoezi hapa Iten. Barabara za vumbi hujaa vikundi vya watu hamsini au mia wakipita kwa kishindo.

Mwezi wa Aprili mambo hugeuka. Mbio za Boston ziko mwezi huo, za London pia, na wenye majina wameshapanda ndege. Mvua nayo hufanya vumbi kuwa matope, na wageni hufunga mizigo.

Niliketi katika kibanda cha chai karibu na stendi. "Chamgei," mama mwenye kibanda alinisalimu, akaniwekea kikombe na mandazi mawili kabla sijaagiza.

"Biashara vipi, mama?"

"Mwezi wa pili nilikuwa napika sufuria nne kabla ya saa nne," alisema. "Leo hii moja haijaisha."

"Basi ni hasara."

"Hasara iko. Lakini leo nimekaa chini, na wewe nimekuuliza umetoka wapi. Mwezi wa pili nisingekuuliza."

MITI YENYE MAJINA

Mpwa wangu alinikuta hapo, matope yamemfika magotini. Alikuwa ametoka kukimbia kilomita 20 peke yake, kwa kuwa kikundi chake kilikuwa kimetawanyika.

"Habari za Pioneer, mjomba?" Alinishika mkono kwa mikono miwili. Niliona amekonda, lakini huko Iten kukonda si ugonjwa.

Hatukuwa na haraka. Tulitembea hadi Shule ya Upili ya St. Patrick's, ambako Bruda Colm O'Connell alifika mwaka 1976 kutoka Ireland kufundisha jiografia. Hakuwa amesomea ukufunzi wa mbio. Alijifunza kwa kuwatazama vijana wenyewe, na katika mikono yake walipita Ibrahim Hussein, aliyeshinda mbio za New York mwaka 1987 na za Boston mara tatu, na Peter Rono, aliyetwaa dhahabu ya mita 1,500 huko Seoul mwaka 1988. David Rudisha naye alifundishwa na Bruda huyo. Mwaka 2012 mjini London alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, na hadi leo hakuna aliyeipunguza.

Shuleni humo imepandwa miti kwa heshima ya mabingwa, kila mmoja na jina lake. Mpwa wangu aliniambia kwamba mwaka wake wa kwanza alikuwa akija kuisoma majina kila Jumapili. Sasa haji tena.

Kutoka hapo tulikwenda ukingoni, mahali ardhi inapokatika ghafla. Chini kabisa ni Bonde la Kerio, na ng'ambo yake ni milima ya Tugen. Juu tulikuwa tumejikunja kwa baridi. Chini jua lilikuwa likiwaka juu ya miembe. Tulikaa juu ya jiwe kama nusu saa, na hakuna aliyetaja jambo lililonileta.

MVUA JUU YA MABATI

Mvua ilitufukuza saa nane. Chumba chake ni kimoja: kitanda, jiko, jozi mbili za viatu vya mitumba, na karatasi tatu za nambari za mashindano zimetundikwa kwa misumari. Alisonga ugali, akakaanga sukuma wiki, akatoa kibuyu cha mursik aliyoletewa na dada yake. Tulikula tukisikiliza mabati.

"Baba amekutuma," alisema.

Nikakubali. Si vizuri kumdanganya mtu ukila ugali wake.

Akanieleza kwamba wakala mmoja alikuwa amemwahidi safari ya Ulaya, si ya kushinda, bali ya kuwavuta wenzake kwa kasi hadi kilomita ya 30 kisha akae kando. Hata hiyo alipewa mwingine. "Hapa Iten, mjomba, kijana wa muda kama wangu utampata katika kila kikundi."

Nilimwambia habari za Philip Boit, mzaliwa wa Eldoret. Alikuwa mkimbiaji, akaenda kujifunza kuteleza kwenye theluji huko Finland, na mwaka 1998 akaiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya Nagano, Japani. Katika kilomita 10 alifika wa mwisho, dakika 20 baada ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway. Dæhlie alimngoja kwenye baridi hadi akafika, akamkumbatia. Boit hakuacha, alirudi katika Olimpiki za 2002 na 2006.

Mpwa wangu alifikiri kidogo. "Na shambani kwake," aliuliza, "nani alipanda mahindi?"

Tulicheka sana, kisha tukanyamaza, maana swali lilikuwa la kweli.

Yeye ndiye aliyelitatua. "Tazama mji huu," alisema. "Hata mabingwa wakitoka mashindanoni hupumzika. Wanaokimbia mwaka mzima ni sisi tusio na kitu, kwa kuogopa kwamba tukilala, jirani atatupita. Miguu yangu imechoka, mjomba. Nitakwenda kupanda na baba. Mvua ikipungua nitarudi, nijaribu mwaka mmoja tu. Nikishindwa, nitalima."

Sikuwa na la kuongeza. Nilikuwa nimekuja na maneno mengi ya kumshauri, nikarudi nayo.

Jioni alinisindikiza stendi na kuninunulia maembe ya bondeni. Ukitaka kuwaona mabingwa, msomaji, nenda Iten wakati wa jua. Ukitaka kuzungumza na watu wake, nenda wakati wa mvua, na uchukue koti.

Nilipofika Pioneer usiku nilimpigia simu shemeji. Nilimweleza yote, pamoja na ule mwaka mmoja. Alikaa kimya kwa muda, nikadhani simu imekatika.

"Anakuja lini?" hatimaye aliuliza.

"Alhamisi."

"Basi ile ekari ya juu nitamwachia yeye," alisema, na akakata simu.