Grili ya dirisha

Grili ya dirisha (pia: nondo za dirisha au vyuma vya dirisha) ni kizuizi cha fito za chuma kinachowekwa dirishani ili mtu asiweze kupita, huku mwanga na hewa vikiendelea kuingia. Katika Afrika ya Mashariki hutumika sana kwenye nyumba, maduka, maghala na mabanda ya magari. Grili ya dirisha dogo la banda la gari inaweza kutengenezwa nyumbani kwa vifaa vichache. Hata hivyo, inapaswa kutimiza mambo mawili yanayopingana: kumzuia mwizi aliye nje, na kumruhusu mtu aliye ndani kutoka wakati wa moto.

Vifaa na vipimo

Vifaa vya kawaida ni nondo za ujenzi zenye kipenyo cha milimita 12, mabomba ya mraba na vyuma bapa. Nafasi kati ya nondo na nondo huwa sentimita 10 hadi 12 hivi, kwa kuwa kichwa cha mtu mzima hakipiti hapo.

Kwa mfano, dirisha lenye upana wa sentimita 120 na kimo cha sentimita 60 linahitaji nondo 10 za wima. Unene wa nondo hizo kwa pamoja ni sentimita 12. Sentimita 108 zinazobaki zikigawanywa kwa nafasi 11, kila nafasi huwa sentimita 9.8 hivi. Nondo zote 10 huhitaji takriban mita 6 za chuma.

Nondo isiyoshikwa katikati hupindika. Jeki ya gari ikiwekwa kati ya nondo mbili huweza kuzitanua. Kwa sababu hiyo, chuma bapa hulazwa katikati ya grili na kuunganishwa na kila nondo.

Utengenezaji

Njia rahisi zaidi haihitaji kuchomelea. Mbao ya juu na ya chini ya fremu hutobolewa matundu, nondo huchomekwa humo kabla ya fremu kufungwa, kisha fremu hujengewa ukutani. Udhaifu wake ni kwamba mbao ikioza au kuliwa na mchwa, nondo hulegea.

Njia ya pili ni kuchomelea nondo kwenye fremu ya chuma. Kazi hiyo hufanyika nje ya banda, mbali na petroli na rangi, na fundi hujikinga macho kwa kioo maalumu cheusi. Chuma kilichopakwa zinki kikichomelewa hutoa moshi wenye madhara, hivyo zinki huondolewa kwanza sehemu ya kuunganisha. Mwishowe chuma husuguliwa, hupakwa rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya mafuta.

Ufungaji

Grili nzito iliyoshikwa vibaya haina faida. Skrubu ambazo vichwa vyake viko nje hufunguliwa kwa bisibisi. Ni bora fremu iwe na vipande vya chuma vinavyozamishwa ukutani kwa zege, au ifungwe kwa boliti kutoka ndani. Boliti zikiwa karibu mno na ukingo wa ukuta, tofali hupasuka.

Hatari ya moto

Grili isiyofunguka inaweza kuua. Machi 2001, wanafunzi 67 walikufa bweni lilipoungua katika Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos, Kenya. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu ya Kenya mwaka 2008 unataka madirisha ya mabweni yasiwe na grili na yafunguke kwa urahisi kuelekea nje.

Banda la gari huwa na petroli na oili, na mara nyingi lina mlango mmoja tu. Kwa hiyo grili yake hufaa kuwekewa bawaba upande mmoja na komeo la ndani lisilohitaji ufunguo. Kwa kuwa mwizi anaweza kupenyeza mkono kati ya nondo, komeo huzungushiwa kipande cha bati nene upande wa nje. Bawaba na komeo hupakwa mafuta na kujaribiwa mara kwa mara, kwani kutu ikizikamata, grili hugeuka tena kuwa kizuizi kwa aliye ndani.